Rekodi za The Sonics Zilizotolewa Upya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu yafuatayo yanahusu rekodi ambazo bendi ya The Sonics ilizifanya kati ya 1964 na 1966 kwa kampuni ya Etiquette, pamoja na matoleo mapya yaliyozirudisha sokoni miongo kadhaa baadaye. Maswali mengi yanatoka kwa wasikilizaji waliokutana na wimbo mmoja tu na wanataka kujua waanzie wapi. Machache ya mwisho ni ya wale ambao tayari wana santuri mikononi na wana shaka nayo.

## Mambo ya msingi

The Sonics ni akina nani?

Ni bendi ya roki kutoka Tacoma, mji wa bandari ulio kusini ya Seattle katika jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa Marekani. Mpiga gitaa Larry Parypa aliianzisha mwaka 1960 akiwa kijana wa shule, katika nyumba iliyopenda muziki kiasi kwamba mama yake mwenyewe alishika besi mazoezini pale mpigaji alipokosekana. Safu inayosikika katika rekodi hizi ilikamilika baada ya Gerry Roslie, Rob Lind na Bob Bennett kujiunga. Roslie aliimba na kupiga kinanda, Larry alipiga gitaa, nduguye Andy Parypa alipiga besi, Lind alipuliza saksafoni, na Bennett alikaa kwenye dramu.

Jina la bendi linahusishwa na mshindo unaosikika ndege ya kivita inapopita kasi ya sauti, kwa kuwa kambi ya jeshi la anga ya McChord ilikuwa jirani na mji wao. Atakayesikiliza sekunde kumi za kwanza za rekodi yoyote kati ya hizi hatauliza tena kwa nini jina hilo liliwafaa.

Roki ya gereji maana yake nini?

Ni jina lililotolewa baadaye kwa muziki wa bendi ndogo za vijana wa Marekani wa miaka ya 1960, wengi wao wakiwa bado shuleni, ambao walifanyia mazoezi katika gereji za nyumba zao na kurekodi kwa kampuni ndogo za miji yao. Wakati huo hakuna aliyejiita mpiga roki ya gereji. Wao walijiona wanapiga rock and roll, basi. Jina lilipata nguvu baada ya 1972, pale Lenny Kaye alipokusanya nyimbo 27 za bendi za namna hiyo katika santuri mbili zilizoitwa Nuggets, zilizotolewa na kampuni ya Elektra.

The Sonics hawakuwemo katika mkusanyiko huo wa kwanza, na hilo huwashangaza wengi. Sifa yao haikusambazwa na mkusanyiko maarufu; ilitembea polepole, kutoka mikono ya msikilizaji mmoja hadi ya mwingine, na ndiyo maana matoleo mapya yana uzito mkubwa katika historia yao kuliko katika historia ya bendi iliyokuwa na jina kitaifa tangu mwanzo.

Kwa nini rekodi hizi zilihitaji kutolewa upya?

Kwa sababu hazikuwahi kusambazwa vya kutosha zilipotoka. Etiquette ilikuwa kampuni ya mkoa. Ilianzishwa mwaka 1961 na wanamuziki wa bendi nyingine ya Tacoma, The Wailers, nao waliendesha kazi yao kwa kuzungukia vituo vya redio, maduka na kumbi za dansi za eneo lao. Wimbo wa kwanza wa The Sonics, The Witch, uliotoka Novemba 1964, ulivuma sana kaskazini-magharibi, lakini nje ya hapo ulijulikana na wachache. Bendi iliposambaratika kati ya 1966 na 1968, wengine wakienda vyuoni, wengine wakihamia bendi nyingine, na Lind akiishia kuwa rubani wa ndege za kivita katika vita vya Vietnam, santuri zilizokuwepo zilibaki katika nyumba za watu wa huko huko.

## Nyimbo zilizomo

Ni nyimbo zipi zinazounda mkusanyiko kamili?

Kiini ni santuri kubwa mbili. Ya kwanza, Here Are The Sonics!!!, ilitoka 1965 ikiwa na nyimbo 12. Ya pili, Boom, ilitoka 1966 ikiwa nazo 12 pia. Kwenye hizo 24 huongezwa Keep A-Knockin', uliokuwa upande wa pili wa santuri ndogo ya kwanza ya The Witch, na nyimbo tatu za Krismasi zinazoelezwa katika sehemu ya mwisho. Jumla yake ni 28. Toleo linalojiita kamili likikosa mojawapo, msikilizaji ana haki ya kuuliza kwa nini. Matoleo mengine huongeza rekodi za jukwaani, ambazo ni nyongeza nzuri lakini hazibadilishi picha.

Je, nyimbo hizi waliziandika wenyewe?

Baadhi tu. Katika santuri ya kwanza, nne ndizo zao: The Witch, Psycho, Boss Hoss na Strychnine. Nane zilizobaki ni za watu wengine, na ukizipanga utaona wazi vijana hawa walikuwa wanasikiliza nini: Roll Over Beethoven ya Chuck Berry, Good Golly Miss Molly iliyovumishwa na Little Richard, Walkin' the Dog ya Rufus Thomas, Money na Do You Love Me kutoka kampuni ya rekodi ya Motown, Dirty Robber ya The Wailers wa kwao, Night Time Is the Right Time, na Have Love Will Travel ya Richard Berry. Yaani karibu zote zina mzizi katika muziki wa Wamarekani Weusi wa miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960. Jambo hilo linapaswa kusemwa waziwazi, kwa kuwa sifa ya ukali wa The Sonics mara nyingi hutajwa kana kwamba iliota yenyewe Tacoma. Roslie alijifunza kupiga mayowe kwa kumsikiliza Little Richard.

Hata hivyo, nyimbo zao wenyewe ndizo zilizodumu zaidi. Strychnine, kwa mfano, inamwimba mtu anayeona sumu ni kinywaji kitamu kuliko mvinyo, na bendi ya The Cramps iliiimba upya katika santuri yake ya 1980. Katika Boom, He's Waitin' inamwonya msichana mdanganyifu kwamba shetani anamsubiri. Katika nyimbo za vijana za 1966, ambazo nyingi zilihusu kushikana mikono, maneno hayo yalikuwa ya kushtua kweli.

Kwa nini Louie Louie iko hapa, wakati kila bendi ilikuwa nayo?

Kwa sababu kaskazini-magharibi wimbo huo ulikuwa kama wimbo wa taifa. Richard Berry aliutoa 1957 huko California, ukasahaulika kwingine, lakini bendi za Washington na Oregon ziliushika. Rockin' Robin Roberts aliurekodi na The Wailers mwaka 1961 kwa Etiquette, kisha The Kingsmen wa Portland wakaufanya ujulikane nchi nzima mwaka 1963, hadi FBI, idara ya upelelezi ya Marekani, ikayachunguza maneno yake kwa tuhuma za matusi bila kuyapata. Bendi ya Tacoma isiyopiga Louie Louie isingemaliza usiku salama ukumbini. Toleo la The Sonics ni gumu na kali kuliko yote hayo matatu, na kwa maoni yangu ndilo pekee linalomfanya msikilizaji asahau kwamba aliwahi kuusikia kabla.

## Sauti

Kwa nini rekodi zinakwaruza? Je, nakala yangu ni mbovu?

Nakala si mbovu. Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, nalo linastahili jibu refu.

Santuri ya kwanza ilirekodiwa Seattle na fundi Kearney Barton, kwa mashine ya kanda yenye njia mbili tu za kunasa sauti. Bendi ilipiga kwa pamoja, kwa sauti ileile kubwa waliyoizoea kumbini, ambako walilazimika kulizidi kelele kundi la wachezaji bila vyombo vya kisasa. Kurt Cobain, mwanamuziki wa Nirvana aliyekulia katika jimbo hilohilo, aliwahi kusema kwa mshangao kwamba dramu hizo zilirekodiwa kwa maikrofoni moja na bado zikatoa sauti bora kuliko dramu zote alizowahi kuzisikia. Ukifikiria vizuri utaona sababu: maikrofoni moja haichukui ngoma peke yake, inachukua chumba kizima, na mkono wa Bennett ulikuwa mzito. Sauti ya kila pigo hufika pamoja na mwangwi wa kuta, nayo kanda, ikiwa imejazwa kupita kiasi chake cha kawaida, huanza kuikunja sauti ile badala ya kuibeba ilivyo. Mkunjo huo ndio mkwaruzo unaousikia.

Gitaa nalo lina kisa chake. Larry Parypa amesimulia kwamba nduguye alikuwa haachi kuchezea amplifaya zao, akizitenganisha spika na hata kuzitoboa kwa kitu chenye ncha kali ili zitoe sauti ya kupasuka. Vifaa vya kutengeneza mkwaruzo kwa kubonyeza kitufe cha mguu vilikuwa bado havijaenea. Kwa hiyo unaposikia gitaa la The Witch linanguruma, unasikia spika halisi yenye tundu halisi.

Boom ilirekodiwa mahali pengine, katika studio ya Tacoma iliyozoea muziki wa kantri, ambayo kuta zake zilifunikwa kwa trei za mayai ili kuzima mwangwi. Wanabendi waliona chumba kimekufa, wakazibandua trei hizo ukutani kisha ndipo wakapiga. Kitendo hicho kinaeleza kila kitu kuhusu walichokitaka. Fundi wa kawaida angeuita mwangwi huo kasoro. Kwao ulikuwa nusu ya wimbo.

Ndiyo maana kipimo changu cha toleo jipya la rekodi hizi ni kimoja: limeondoa kidogo kiasi gani? Fundi akizisafisha kwa programu za kupunguza kelele, akalainisha mkwaruzo na kuzitenga ngoma na chumba chake, atakuwa hajatengeneza chochote. Atakuwa amefuta walichorekodi.

Je, nitafute stereo au mono?

Tafuta mono, yaani sauti ya njia moja. Nyimbo hizi zilichanganywa ili zitoke kwa pamoja, katika spika moja ya redio ya gari au ya mashine ya santuri shuleni. Saksafoni, gitaa na kinanda vinagombania nafasi ileile, na ugomvi huo ndio unaozipa nguvu. Kampuni nyingi za wakati ule zilikuwa na desturi ya kuchukua rekodi ya mono na kuigawa kwa ujanja, besi upande mmoja na sauti nyembamba upande wa pili, kisha kuiuza kama stereo. Rekodi iliyotendwa hivyo hupoteza kiini chake. Wanabendi wenyewe hawakubadili msimamo: waliporudi studio baada ya miongo mingi na kutoa This Is The Sonics mwaka 2015, wakiwa na mtayarishaji Jim Diamond, waliirekodi kwa mono.

Nasikiliza kwa simu tu. Nitakosa nini?

Utakosa uzito wa chini, hasa teke la dramu na besi ya Andy Parypa, ambayo hata katika santuri imezama. Sauti ya Roslie na saksafoni zitakufikia bila shida, kwani zilitengenezwa kupenya spika ndogo. Ukiweza, unganisha simu na spika moja yenye ukubwa wa kutosha badala ya vipokea sauti vya masikioni. Kwa rekodi za mono hakuna unachopoteza kwa kutumia spika moja, na hewa ya chumba chako itaisaidia sauti. Zima pia mpangilio wowote wa simu unaodai kuipanua sauti, kwa sababu zilizoelezwa katika jibu la mono na stereo.

## Matoleo na ununuzi

Ni toleo lipi linalofaa kwa anayeanza?

Kwa anayetaka vyote kwa mara moja, Psycho-Sonic, diski iliyotolewa London mwaka 1993 na Big Beat, tawi la kampuni ya Ace, inaziunganisha santuri zote mbili na nyimbo za ziada katika kifurushi kimoja. Ni toleo lililowafikia wasikilizaji wengi wa Ulaya kwa mara ya kwanza.

Kwa anayependa kusikiliza kila santuri kama ilivyopangwa, matoleo ya kampuni ya Norton ya New York, yaliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1990, yanafaa zaidi. Hayo ni mono, kila santuri imesimama peke yake na picha yake ya jalada, na nyongeza zimewekwa mwishoni ili zisivuruge mpangilio. Mimi huwashauri watu waanze na hili la pili, waisikilize Here Are The Sonics!!! kuanzia The Witch hadi Good Golly Miss Molly bila kuruka, kwa sababu haifiki hata dakika 30 na haikuundwa kusikilizwa vipande vipande.

Kwa nini matoleo ya Norton wakati mwingine ni adimu?

Norton ni kampuni ndogo, iliyoendeshwa na mume na mke, Billy Miller na Miriam Linna. Oktoba 2012 tufani Sandy ilifurika ghala lao katika eneo la Red Hook, Brooklyn, na sehemu kubwa ya akiba ya santuri ikazama. Watu wa kujitolea walijitokeza kuzitoa, kuziosha na kuzikausha moja moja. Miller alifariki 2016. Msikilizaji anayelalamika kwamba hakupata nakala dukani akumbuke kwamba rekodi hizi, tangu 1964, zimehifadhiwa na watu wachache waliozipenda.

Je, kununua santuri ya asili ya Etiquette kuna faida?

Kwa mkusanyaji, ndiyo; kwa msikilizaji, si lazima. Santuri za asili zilipigwa sana kwenye sherehe na nyingi zimechakaa. Mikwaruzo ya sindano iliyolima mifereji si ule mkwaruzo uliosifiwa hapo juu: hiyo ya sindano iliingia baadaye na haina uhusiano na bendi. Namna rahisi ya kutofautisha ni kusikiliza sehemu tulivu kati ya nyimbo mbili. Kelele ikiendelea pale ambapo hakuna anayepiga, ni uchakavu.

## Mambo ya pembeni

The Wailers wanaotajwa hapa ni wale wa Bob Marley?

Hapana. Ni bendi ya Tacoma iliyokwishavuma mwaka 1959 kwa wimbo wa ala tupu, Tall Cool One, kabla kundi la Jamaika halijarekodi chochote. Vivyo hivyo, kundi liitwalo The Searchers ambalo Roslie, Lind na Bennett walipitia lilikuwa la mtaani kwao, si lile la Liverpool.

Santuri ya Introducing The Sonics ni sehemu ya mkusanyiko huu?

Si sehemu yake. Baada ya Etiquette, bendi ilihamia kampuni ya Jerden na kurekodi Hollywood, katika studio ya Gold Star, yenye vifaa bora kuliko vyote walivyowahi kuvigusa. Santuri hiyo ilitoka 1967. Sauti ilisafishwa, makali yakapunguzwa, na wanabendi wenyewe wameikana kwa maneno makali. Rekodi za kipindi hicho zilikusanywa 1991 katika diski iitwayo Maintaining My Cool. Zisikilize baada ya zile za Etiquette, na utalielewa jibu la swali la mkwaruzo vizuri zaidi kuliko nilivyoweza kulieleza.

Nimenunua mkusanyiko, lakini nyimbo zinasikika tofauti na nilizozizoea. Kuna nini?

Huenda una rekodi za 1980. Mwaka huo Gerry Roslie alizirekodi upya nyimbo za zamani akiwa na wanamuziki wengine, ikatoka santuri iitwayo Sinderella kwa jina la The Sonics. Majina ya nyimbo ni yaleyale, mwimbaji ni yuleyule, lakini Larry Parypa, Lind na Bennett hawamo. Ishara ya haraka ni dramu: zikisikika kavu na zimetengwa, bila chumba nyuma yake, hizo si za Bennett. Sikiliza pia saksafoni ya Lind. Ikikosekana mahali unapoitarajia, angalia tena mwaka ulioandikwa kwenye jalada.

Nyimbo za Krismasi zinahusiana vipi na haya yote?

Mwaka 1965 Etiquette ilitoa santuri ya sikukuu iliyowashirikisha The Wailers, The Galaxies na The Sonics. Mchango wa The Sonics ni Don't Believe in Christmas, Santa Claus, na The Village Idiot, ambayo ni Jingle Bells iliyovurugwa kwa makusudi. Ya kwanza inafuata muundo wa wimbo wa Chuck Berry, Too Much Monkey Business, na ni kali sawa na chochote kilichomo katika Boom. Familia inayotaka nyimbo za kusindikiza pilau ya sikukuu itafute kwingine. Lakini mkusanyiko usio na hizi tatu una pengo, kwani zilirekodiwa na watu walewale katika mwaka ambao walikuwa kwenye kilele chao.

Je, The Witch ilipigwa marufuku redioni?

Haikupigwa marufuku kabisa. Wanabendi wamesimulia kwamba kituo cha KJR cha Seattle, kilichokuwa na nguvu kuliko vyote katika eneo hilo, kiliuona wimbo kuwa mkali mno na kikawa kinaupiga alasiri tu, baada ya watoto kutoka shule. Saa hizo ndizo hasa wanunuzi wake walipokuwa wamewasha redio.